Maoni Yetu: Binti Aende Marekani Kusomea Haki Jinai?

Tumepokea barua kutoka kwa mwenzetu wa gangi ya njia ya reli, mtu ambaye hajakosa kulipa ada ya chama hata mwezi mmoja tangu tumjue. Jina lake hatulitaji. Tulimwomba ruhusa ya kumjibu hapa mbele ya watu wote, naye alikubali kwa sharti hilo.

Ndugu huyu anasema binti yake alimaliza kidato cha nne, na sasa amepata barua ya kukubaliwa katika chuo kimoja huko Marekani, cha aina ile ambayo wenyewe huiita chuo cha jamii. Masomo ni ya miaka miwili. Somo lenyewe ni haki jinai, yaani habari za polisi, mahakama na magereza. Baba anataka kuuza ploti yake, achukue na mkopo wa SACCO, kisha tawi limfanyie harambee kwa kiasi kitakachopunguka. Anaeleza kwamba binti akirudi atakuwa wakili wa kututetea sisi wafanyakazi, na asiporudi ataandikwa polisi kule kule na kutuma pesa nyumbani.

Kamati ilizungumza jambo hili jioni mbili, na tuligawanyika. Wako waliosema mtoto wa mfanyakazi mwenzetu ni mtoto wetu, basi mfuko ufunguliwe. Wako waliosema polisi wanafunzwa Kiganjo, kuna haja gani ya kuvuka bahari? Mzee mmoja, fundi wa mabehewa, aliuliza swali ambalo lilitunyamazisha: ni nani kati yetu ajuaye chuo hicho ni kitu gani? Hakuna aliyeinua mkono.

Sisi tunaoandika ukurasa huu hatukufika chuo. Tulisoma shule ya msingi ya misheni, tukatoka hapo tukaingia kazini. Kwa hiyo tulilazimika kuuliza na kusoma kwanza kabla ya kushika kalamu, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Chuo cha jamii si chuo kikuu, wala si cha kudharauliwa. Kile cha zamani kuliko vyote ambacho ni mali ya umma kilianzishwa katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois, mwaka 1901, na wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 6 tu. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Truman ilisema kwamba vyuo kama hivyo viwe karibu na watu, vya bei nafuu, ili mtu asome bila kuhama kwake. Tangu wakati huo jina la chuo cha jamii likaenea, na leo viko zaidi ya elfu moja katika nchi ile.

Mtu wa kawaida katika darasa hilo ni nani? Ni dereva wa basi, mpishi wa hospitali, mama aliyeacha shule akazaa kisha akarudi, kijana ambaye hana pesa za chuo kikuu. Wengi hufanya kazi mchana na kuketi darasani jioni. Masomo huhesabiwa kwa krediti, na ukifikisha 60 hivi unapewa shahada ndogo ya miaka miwili. Mwenye kutaka kuendelea hupeleka krediti zake chuo kikuu na kusoma miaka mingine miwili ili apate digrii kamili. Kwa ufupi, ni shule ya mtu wa jirani mwenye kazi. Tulipofahamu hivyo tuliona wivu, na hatuoni haya kusema.

Habari ya askari kwenda chuoni nayo ina asili yake. Mtu aliyeisukuma zaidi ni August Vollmer wa mji wa Berkeley, California. Kabla ya kuwa mkuu wa askari wa mji huo mwaka 1905 alikuwa tarishi wa posta, akizunguka na mfuko wa barua, na shuleni hakufika mbali. Lakini alifungua shule ya askari wake mwaka 1908, akishikilia kwamba rungu bila elimu ni hatari kwa raia na kwa askari mwenyewe. Mambo yalikwenda polepole mpaka mwaka 1968, serikali yao ilipopitisha sheria ya kutoa mikopo na misaada kwa askari na vijana waliotaka kusomea kazi hiyo. Hapo vyuo vikafungua madarasa ya haki jinai mbio mbio, kwa kuwa pesa zilikuwako. Miaka 10 baadaye, mwaka 1978, tume iliyochunguza elimu ya askari ilitoa ripoti kali: katika vyuo vingi mafunzo yalikuwa membamba, ya kumfundisha askari kazi ya mikono badala ya kumfundisha kufikiri. Tunataja jambo hili ili baba huyu ajue kwamba vyuo si sawa vyote. Jina la somo ni moja, lakini darasa moja laweza kuwa la maana na jingine likawa la kupoteza wakati.

Sasa tufike penye ploti.

Jambo la kwanza, ndugu, binti hatarudi akiwa wakili. Hapa ndipo wazazi wengi wanapodanganyika, na mawakala wa safari hawawasahihishi kwa sababu wanakula hapo. Kule Marekani, kwa kawaida, mtu husoma digrii ya miaka minne, kisha shule ya sheria miaka mitatu, kisha hufanya mtihani wa mawakili. Hapa Kenya ni digrii ya sheria, halafu Kenya School of Law na mitihani yake. Shahada ya miaka miwili ya haki jinai haimfikishi mtu kizimbani kumtetea mwenzake, huko wala huku. Humfungulia mwenyeji wa kule kazi za polisi, za askari jela, za ukarani wa mahakama, na za kusaidia maafisa wa probesheni. Ni kazi za heshima, lakini angalieni neno tulilolisema: mwenyeji.

Jambo la pili ni hilo hilo la wenyeji. Katika majimbo mengi mtu haandikwi polisi asipokuwa raia. Majimbo machache yamelegeza, kama California tangu mwaka 2023, lakini hata hapo ni kwa mtu mwenye kibali halali cha kufanya kazi, na binti mwenye viza ya masomo hana kibali cha namna hiyo. Kwa kanuni za viza za miaka hii, mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo katika mwaka wa kwanza, na ndani ya chuo haruhusiwi kupita saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Akimaliza anaweza kuomba kibali cha kufanya kazi inayolingana na somo lake kwa muda usiozidi miezi 12. Baada ya hapo, asipopata njia nyingine ya halali, anarudi nyumbani. Masharti haya hubadilishwa, basi aulize ubalozi kabla hajatoa hata shilingi.

Jambo la tatu ni pesa. Bei nafuu ya chuo cha jamii ni ya mkazi wa jimbo, ambaye kodi yake ndiyo inayokiendesha. Mgeni hutozwa zaidi. Ule msaada wa serikali uitwao Pell, unaomlipia mtoto wa maskini wa kule, mwanafunzi wa kigeni haupati. Tena kabla ya kupewa karatasi za viza lazima aonyeshe kwamba pesa za mwaka wa kwanza, karo na chakula na nyumba, ziko tayari. Ploti inaweza kulipa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili utalipwa na nini? Tumeona watoto wa watu wakisimama katikati ya njia namna hiyo, bila karo ya kuendelea wala nauli ya kurudi.

Watatuambia kwamba vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyowapeleka vijana Marekani zamani. Ni kweli, na ni sifa kwetu. Mwaka 1959 Tom Mboya, aliyekuwa katibu mkuu wa Kenya Federation of Labour, aliwatafutia vijana ndege, na wanafunzi 81 wakapanda ile ya kwanza mwezi wa Septemba. Lakini ndege ile ililipiwa na marafiki waliochangishwa kule kule Marekani, na wengi katika vijana hao walikuwa wametafutiwa nafasi na msaada wa masomo kwanza. Mboya hakuwaambia wazee wauze mashamba halafu wasubiri bahati.

Msidhani basi kwamba tunalidharau somo lenyewe. La hasha. Baada ya kuona yanayofundishwa, tunasema kwamba katika masomo yote ya vyuo vile hili ndilo linalomfaa mfanyakazi zaidi, pengine kuliko hata hesabu za biashara ambazo kila mzazi anazitamani. Kwa nini? Kwa sababu mfanyakazi ndiye anayekamatwa. Tajiri akituhumiwa hupiga simu. Sisi tukituhumiwa tunavua viatu na mshipi tunaingia ndani.

Watu wawili wanaosomwa katika madarasa hayo tunataka mwajue.

Wa kwanza ni Clarence Earl Gideon, mtu maskini wa Florida aliyeishia darasa la nane kama sisi. Mwaka 1961 alishtakiwa kwamba alivunja chumba cha mchezo wa pool akaiba pesa za sarafu na vinywaji. Mahakamani aliomba wakili, akaambiwa sheria ya jimbo haitoi wakili kwa kosa la namna hiyo. Akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka mitano. Akiwa gerezani alichukua karatasi za jela na penseli, akaiandikia Mahakama Kuu ya nchi yake kwamba hakutendewa haki. Na Mahakama hiyo ilimsikia! Tarehe 18 Machi 1963 majaji wote kwa kauli moja walisema kwamba mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa, asipokuwa na pesa, lazima apewe wakili. Gideon akahukumiwa upya mwezi wa Agosti akiwa na wakili kando yake, akaachiliwa. Barua moja ya penseli ilibadilisha mahakama za nchi nzima.

Wa pili ni mtoto. Kalief Browder wa Bronx, New York, alikuwa na miaka 16 alipokamatwa mwezi wa Mei mwaka 2010 akituhumiwa kuiba mkoba wa mgongoni. Dhamana ilikuwa dola 3,000. Nyumbani hawakuwa nazo. Kwa ajili ya dola hizo alipelekwa jela ya kisiwa cha Rikers, akakaa karibu miaka mitatu bila kesi kusikizwa, na sehemu kubwa ya muda huo alifungiwa chumba cha peke yake. Mara nyingi aliambiwa akubali kosa atoke. Alikataa, akisema hakuiba. Mwaka 2013 mashtaka yakafutwa, akafunguliwa mlango bila neno la pole. Ndipo akajiandikisha katika chuo cha jamii cha hapo hapo kwao, Bronx Community College. Akasoma, na katika insha zake za chuoni iko moja aliyoiandika juu ya kufungiwa peke yake magerezani, akapata alama ya juu. Lakini jela ilikuwa imekwisha kumwharibu ndani. Mwezi wa Juni mwaka 2015 alijiua, akiwa na miaka 22. Jimbo la New York lilipopitisha sheria ya mwaka 2019 ya kuondoa dhamana ya pesa kwa makosa mengi madogo, jina la mtoto huyu lilikuwa midomoni mwa watu.

Tulipoisoma habari hii katika ofisi ya tawi tulitazamana, kwa sababu kila mmoja alikuwa anafikiri habari ya mtu mmoja. Yatupasa tuieleze, ingawa inatuaibisha.

Mwenzetu wa karakana alikamatwa Jumatatu jioni kwa kutuhumiwa kwamba nyaya za shaba zilipotea zamu yake. Akafikishwa mahakamani Ijumaa. Kipengele cha 49 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema mtu afikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo na si zaidi ya saa 24, isipokuwa saa hizo zikiishia wakati mahakama imefungwa, hapo husubiriwa mpaka mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Jumatatu mpaka Ijumaa hapana mwisho wa juma wa kusingizia. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekwenda kwenye kaunta kuuliza. Tulimpelekea chai na mkate, tukarudi zetu.

Huko ndani aliwekewa karatasi ya Kiingereza akaambiwa atie sahihi, naye akatia, kwa kuwa alichoka na alitaka kwenda nyumbani. Hakujua kwamba ana haki ya kunyamaza, haki ya kuelezwa katika lugha anayoielewa sababu ya kukamatwa, na kwamba hawezi kulazimishwa kukiri. Hakujua kwamba kukiri kunakokubaliwa mahakamani hufanywa mbele ya jaji, au hakimu, au afisa wa polisi wa cheo cha juu ambaye siye anayepeleleza kesi, pamoja na mtu wa tatu ambaye mshtakiwa amemchagua mwenyewe. Mtu wa tatu huyo angeweza kuwa yeyote kati yetu.

Hakimu alimpa dhamana ya pesa taslimu. Ilizidi mshahara wake wa miezi miwili. Mkewe alikuja ofisini akilia, lakini hakuomba pesa za dhamana, na sisi hatukumpa. Yeye alidhani, nasi tulidhani, kwamba pesa za dhamana zikitolewa zimekwenda, kama faini au kama hongo. Kumbe hutolewa kwa risiti, na kesi ikiisha hurudishwa ikiwa mshtakiwa amehudhuria kila alipoitwa. Katika sanduku la mazishi la tawi zilikuwako za kutosha! Tuliziweka kwa ajili ya mtu atakayekufa, tukamwacha aliye hai rumande. Ndugu zake waliuza ng'ombe, akatoka baada ya siku 17.

Siku 17, na hapa ndipo msomaji aweke alama kwa kalamu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, inahesabu kuwa ni sababu ya kumfukuza mtu kazi mara moja iwapo amekamatwa kwa kosa la kufungwa jela, na katika siku 14 hajaachiliwa kwa dhamana au kwa njia nyingine ya halali. Aliporudi kazini alikuta barua. Kosa halikuwa limethibitishwa, na baadaye kesi ya nyaya iliondolewa kwa kukosa mashahidi, lakini barua ilikwisha kuandikwa. Siku tatu za kuchelewa kwetu zilimpa mwajiri mlango wa kumtoa.

Hata mlango huo si wazi kabisa. Kifungu cha 41 cha sheria hiyo hiyo kinasema mtu anayetaka kufukuzwa kwa kosa aelezwe sababu katika lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama kazini, na asikizwe. Mwakilishi wetu hakuitwa, naye hakuuliza mbona hakuitwa. Malalamiko ya namna hiyo hupelekwa kwa afisa wa kazi ndani ya miezi 3. Tuliamka mwezi wa tano. Mahakamani mlango hukaa wazi miaka 3, basi tumeingia huko na wakili, na kwa kuwa shauri lingali mbele ya jaji hatusemi zaidi.

Ndugu wanachama, katika mambo yote tuliyoyataja, ya saa 24, ya dhamana na risiti yake, ya siku 14, ya mtu wa tatu, hakuna hata moja linalohitaji mtu kupanda ndege. Yote yako katika vitabu vinavyouzwa Nairobi, na Katiba imetolewa kwa Kiswahili pia. Kitu ambacho wenzetu wa Marekani wanacho, na sisi hatuna, ni chumba chenye taa jioni baada ya kazi, na mwalimu anayejua ambaye haoni kwamba mtu wa kazi ya mikono hastahili. Hata wafungwa wao wanasomeshwa na vyuo hivyo. Msaada wa Pell kwa wafungwa ulikatwa mwaka 1994, vikabaki vidarasa vichache, kisha ukarudishwa kwa wote wanaostahili tarehe 1 Julai 2023. Kama mtu aliye gerezani anaweza kukaa darasani, sisi tunaotoka zamu saa kumi na moja tunashindwa na nini? Chumba tunacho. Taa tunalipia, na siku nyingi zinawaka watu wakicheza drafti. (Hatuwakatazi kucheza.)

Kamati basi imekubaliana hivi, kwa kura, nasi tunayaandika kama yalivyopita.

Kwa habari ya binti: harambee ya kumpeleka Marekani kwa barua ile ya kukubaliwa peke yake hatutaifanya, na tunamsihi baba asiuze ploti. Si kwa kuwa ni msichana, kama mmoja alivyonong'ona kule nyuma akakemewa. Ni kwa kuwa hesabu ya mwaka wa pili haipo. Binti mwenyewe akipata chuo kinachompa msaada wa masomo kwa maandishi, pamoja na ahadi ya chuo kikuu kitakachozipokea krediti zake zote 60, shauri litafunguliwa upya na sisi wenyewe tutazunguka na kofia. Wakati huo huo ajue kwamba haki jinai inasomwa hapa Nairobi pia, USIU kwa mfano, na ingawa karo ya hapo si ndogo, atalala nyumbani kwa shangazi yake na hataomba viza ya mtu. Na kama moyo wake ni uwakili, basi atafute digrii ya sheria tangu mwanzo, asizunguke.

Tulimwuliza baba kwa nini mtoto alichagua somo hilo. Akatuambia kwamba binti aliandamana na mama yake mahakamani kaka yake alipokamatwa, wakarudishwa mara tatu kwa sababu faili haikuonekana, na tangu siku hiyo hazungumzi habari nyingine. Mtoto wa namna hiyo tunamhitaji. Tumemwomba awe karani wa darasa letu wakati anangoja mambo yake, aandike yanayofundishwa kwa Kiswahili chepesi ili yachapwe katika kurasa hizi, naye amekubali. Atalipwa nauli na chakula cha mchana, zaidi ya hapo mfuko hauwezi.

Kwa habari ya darasa: litaanza Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao, saa kumi na moja na nusu jioni, katika ukumbi wa tawi. Wakili anayesimamia shauri la mwenzetu amekubali kuja bila malipo mara mbili kwa mwezi. Somo la kwanza ni kukamatwa, la pili ni dhamana, la tatu ni barua ya kufukuzwa kazi. Wawakilishi wote wa chama katika karakana na stesheni lazima wahudhurie, na majina yataitwa. Wake zenu waje, maana wao ndio wanaofika kwenye kaunta ya polisi kabla yetu. Walio zamu ya usiku wamwambie katibu mapema ili tuone kama darasa laweza kurudiwa Jumamosi asubuhi.

Kwa habari ya sanduku la mazishi: sehemu yake itengwe kwa ajili ya dhamana ya mwanachama aliyekamatwa, kwa risiti, na irudishwe kesi ikiisha. Jambo hili linahitaji kubadilisha kanuni ya tawi, basi litaletwa kwenye mkutano mkuu. Tunajua liko kundi linalosema pesa za wafu zisiguswe. Waje waseme hivyo mbele ya mkewe yule mwenzetu, atakuwako.

Na wewe, ndugu wa gangi ya njia, njoo Jumamosi na barua ile ya chuo. Tutaisoma pamoja, mstari kwa mstari.